Cabrera kwa boti: tukodi mashua yetu au tupande ya abiria?

Swali la msomaji: Sisi ni familia ya Mombasa tunaoishi Hamburg. Agosti tunakwenda Mallorca, kisiwa cha Hispania katika Mediterania: mimi, mume wangu, watoto wetu wa miaka 9 na 12, na mama mkwe wangu wa miaka 68 ambaye atakuwa amekuja kututembelea kutoka nyumbani. Tumesikia habari za kisiwa cha hifadhi kiitwacho Cabrera. Rafiki zetu wanatushauri tukodi mashua ndogo isiyohitaji leseni, twende wenyewe, tutie nanga katika ghuba tutakayoipenda na tuvue samaki wa kuchoma. Mume wangu anataka tupande boti ya abiria. Nimeshakwenda hifadhi ya bahari ya Kisite na kisiwa cha Wasini, huko Kenya, mara nyingi, kwa hiyo nauliza pia kama huko kuna jipya la kuona. Mama ataimudu safari? Na mimi naogelea kwa nguo ya kujistiri, sitazuiwa?

Jibu: Dada yangu, mume wako amesema kweli. Pandeni boti ya abiria, na ushauri wa rafiki zenu uacheni. Ninazo sababu mbili. Moja ni ya sheria na nitaimaliza upesi. Ya pili iko chini ya maji, na hiyo ndiyo inayonifanya nikuandikie kwa urefu.

Hispania inamruhusu mtu asiye na cheti cha unahodha kukodi mashua ya mashine, lakini mashua isizidi urefu wa mita 5, mashine isizidi nguvu farasi 15, iendeshwe mchana tu, na isiende zaidi ya maili 2 za baharini kutoka bandarini. Sasa chukua ramani. Kutoka rasi ya Ses Salines, ncha ya kusini kabisa ya Mallorca, hadi Cabrera ni kama kilomita 10, yaani zaidi ya maili 5 za baharini, na mlango huo wa bahari uko wazi kwa upepo. Mashua ya bila leseni hairuhusiwi kufika hata nusu ya njia. Tena hata mwenye cheti na boti kubwa haingii hifadhini hivi hivi. Lazima awe ameomba kibali cha kuingia, na akitaka kulala pale au kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa anaomba kibali kingine. Mtu anayekukodisha mashua ufukweni hatakueleza haya yote kila mara kabla hujalipa, na mkikamatwa katikati ya bahari mtakaoulizwa ni nyinyi.

Hiyo ndiyo sheria. Sasa nanga.

Ukichungulia maji ya Cabrera ukitarajia matumbawe kama ya Kisite utavunjika moyo, kwa hiyo nikuambie mapema: hazina ya pale ni nyasi bahari. Ni aina iitwayo Posidonia oceanica, na haioti mahali pengine popote duniani isipokuwa Mediterania. Usiichukulie kuwa mwani kama ule wanaoulima akina mama wa Paje na Jambiani. Huu ni mmea kamili wenye mizizi, shina linalotambaa chini ya mchanga, majani yanayoweza kufika urefu wa mita moja, na hata maua na matunda. Kwenye maji maangavu kama ya Cabrera unashuka mpaka kina cha karibu mita 40. Ukiutazama kutoka juu unaona madoa meusi makubwa baharini, na watalii wengi huyadhania kuwa mawe au uchafu, wakakimbilia palipo na mchanga mweupe na maji ya feruzi. Lakini uhai uko kwenye hayo madoa meusi. Humo ndimo samaki wadogo wanamojificha mpaka wakue, pweza wanamowinda, na mchanga wa fukwe za Mallorca unamoshikiliwa usichukuliwe na mawimbi ya majira ya baridi. Chini ya majani, mizizi na mashina yaliyokufa hujikusanya tabaka juu ya tabaka kwa maelfu ya miaka, na kaboni iliyofungiwa humo haitoki mpaka mtu aje ailegeze.

Anayeilegeza ni mwenye mashua. Shina la mmea huu hutambaa sentimita chache tu kwa mwaka. Kati ya Ibiza na Formentera, visiwa jirani vya Mallorca, watafiti walitangaza mwaka 2006 kuwa wameukuta mmea mmoja ulioenea karibu kilomita 8, na kwa mwendo huo wa kutambaa umri wake hauwezi kuwa mdogo. Makadirio yao yalikuwa makumi ya maelfu ya miaka. Nanga ikizama humo, ndoano zake hung'oa fungu zima wakati wa kuivuta. Na kabla hata ya kuivuta, upepo unapougeuza mwelekeo wa mashua, mnyororo unafyeka duara chini ya maji, kama ng'ombe aliyefungwa kambani anavyomaliza majani yote yanayomzunguka. Tofauti ni kwamba majani ya ng'ombe yatarudi mvua zikinyesha. Duara la nanga litabaki hadi watoto wako wawe na wajukuu.

Ndiyo maana sishangai kuona serikali ya visiwa vya Baleari, yaani Mallorca na jirani zake, mwaka 2018 ikitoa amri ya kulinda nyasi hizi katika visiwa vyote na kukataza nanga juu yake, si ndani ya hifadhi peke yake. Cabrera yenyewe ilitangulia zamani. Pale bandarini kuna maboya 50 yaliyofungwa chini kwa ufundi usiodhuru nyasi. Boti inafunga kamba kwenye boya na nanga inabaki omo, kavu. Kisite wanafanya jambo hilo hilo juu ya matumbawe, kwa hiyo wewe si mgeni wa wazo hili. Boti ya abiria mtakayoipanda ina kibali chake, mahali pake pa kufunga, na nahodha anayeijua ramani ya chini. Watu kadhaa wanakwenda kwa boti moja, kwa kamba moja. Kwangu mimi hesabu hiyo pekee inatosha kumaliza ubishi wenu wa nyumbani.

Kuhusu samaki wa kuchoma, hapana. Uvuvi wa kujifurahisha hauruhusiwi ndani ya hifadhi, uwe kwa mshipi au kwa mkuki. Wanaoruhusiwa ni wavuvi wadogo wa kazi kutoka bandari za jirani, kwa zana zao za asili na kwa masharti. Nalipenda sana jambo hili na natamani lijulikane zaidi kwetu, ambako mara nyingi mvuvi wa kijiji ndiye wa kwanza kufukuzwa hifadhi inapotangazwa. Pale, aliyeijua bahari tangu babu yake amebakishwa. Aliyezuiwa ni mgeni mwenye mshipi wa likizo.

Matokeo yake utayaona kwa macho yako, na hapo ndipo nafika kwenye swali lako la kama kuna jipya. Mtazame chewa. Nyumbani unamjua sokoni, na ukimwona mkubwa ni bahati. Chewa wa Mediterania huanza maisha akiwa jike, na baadhi yao hugeuka dume wakishakuwa wakubwa kwa umri na umbo. Maana yake ni kwamba wavuvi wakichukua wakubwa tu, madume ndio wanaokwisha, na waliobaki hawapati wa kuzaana nao. Mahali palipolindwa kwa miaka mingi ndipo utakapokuta wadogo kwa wakubwa pamoja. Hapo bandarini, kando ya gati, mnaweza kuona samaki ambao kwenye fukwe nyingine za Mallorca hutawaona karibu na watu kiasi hicho. Waambie watoto wavae miwani ya maji waogelee taratibu kando ya miamba, bila kupiga miguu kwa nguvu. Anayetulia ndiye anayeona.

Tofauti nyingine na Kisite ni mwanga. Mediterania ni bahari yenye chakula kidogo. Maji ya juu yanayoingia kutoka Atlantiki kupitia Gibraltar hayana rutuba nyingi, kwa hiyo vijidudu na vijimea vinavyoelea ni vichache, na maji yasiyo na vitu vinavyoelea huwa maangavu. Utaona chini palipo na kina ambacho kule Wasini, hasa wakati wa kusi, usingepaona. Rangi za samaki ni chache na aina ni chache; huo ndio ukweli, na usimsikilize atakayekuambia vinginevyo. Unachokwenda kuona ni uwazi wa maji, ukimya wa kisiwa kisicho na hoteli, na viumbe ambao hawapo kwetu.

Tena sahau bamvua na maji mafu. Najua mpenda bahari wa Pwani hupanga safari kwa kuangalia mwezi. Kule kujaa na kupwa kwa maji ni suala la sentimita chache tu, hutalitambua. Kinachoamua siku yenu ni upepo. Kiangazi, asubuhi bahari huwa imelala, kisha kuanzia adhuhuri nchi kavu inapopata joto, upepo wa baharini unaamka na mawimbi mafupi ya kukatana yanaanza. Si makubwa, ila yanachosha tumbo. Kwa hiyo chukueni boti ya asubuhi mapema, na anayelevywa na bahari anywe dawa yake kabla ya kupanda, si baada ya kuanza kuona kizunguzungu. Mama, kwa umri wake, amuulize daktari kwanza kama dawa hizo zinapatana na anazotumia kila siku.

Boti zinaondoka Colònia de Sant Jordi, mji mdogo wa pwani ya kusini, kiasi cha kilomita 50 kutoka Palma. Zipo za aina mbili. Za kasi hufika kwa takriban nusu saa. Kubwa za polepole huchukua kama saa nzima. Vijana watataka ya kasi. Kwa ajili ya mama mimi ningechagua kubwa, kwa sababu ile ya kasi hudunda juu ya wimbi na mgongo wa miaka 68 utaisikia safari hiyo kwa wiki nzima. Agosti ndio mwezi wa watu wengi kuliko yote na idadi ya wageni kwa siku ina kikomo, basi kateni tiketi mapema, msisubiri kufika gatini.

Mkiukaribia mlango wa bandari ya Cabrera, mwambie mama aangalie juu upande wa kushoto na wa kulia mpaka aione ngome juu ya jabali. Ilijengwa mwishoni mwa karne ya 14 kwa sababu maharamia walikifanya kisiwa hiki kituo cha kuvizia Mallorca. Kuipanda kutoka gatini hakuchukui hata nusu saa kwa mtu mzima anayetembea pole, lakini njia ni ya mawe, ngazi za mwisho ni nyembamba, na Agosti jua halina huruma. Kama magoti yake ni mazima, apande mara tu mnaposhuka, kabla ya saa tano, na fimbo mkononi. Kama si mazima, asilazimishwe. Karibu na gati pana kivuli, pana mgahawa mdogo, na njia tambarare inayofuata ghuba. Njiani kuna jumba la makumbusho liitwalo Es Celler, ghala la zamani la mvinyo ambamo sasa historia ya kisiwa inaonyeshwa.

Na historia hiyo, dada yangu, ni nzito. Usiwapitishe watoto pale bila kuwaeleza. Julai 1808 jeshi la Napoleon lilishindwa huko Bailén, kusini mwa Hispania, na maelfu ya askari wake wakatekwa. Waliwekwa kwanza ndani ya meli mbovu bandarini Cádiz, kisha mwaka 1809 wakaanza kupelekwa Cabrera, kisiwa kisicho na nyumba za kuwatosha, chenye chemchemi moja ndogo ya maji. Chakula kililetwa kwa mashua kutoka Palma kila baada ya siku chache, na bahari ikichafuka mashua haiji. Idadi inayotajwa zaidi ni watu kama 9,000 waliofikishwa pale kwa awamu mbalimbali. Walipokuja kuchukuliwa mwaka 1814, waliobaki hai hawakufika nusu. Waliokufa waliuawa na njaa, kiu na maradhi. Kwenye kuta za ngome bado yapo majina waliyoyachonga, na ndani ya kisiwa upo mnara ambao Wafaransa waliusimamisha mwaka 1847 kuwakumbuka. Nadhani mtoto wa miaka 12 ni mkubwa wa kutosha kusimama mbele yake na kuambiwa ukweli. Hiki kisiwa ambacho leo tunakiita pepo ya viumbe kiliwahi kuwa gereza bila kuta.

Jeshi ndilo lililokishika kisiwa baadaye. Mwaka 1916, wakati wa vita kuu ya kwanza, serikali ya Hispania ilikichukua kutoka kwa wenyewe kwa sababu za ulinzi, na kwa miongo mingi kikawa uwanja wa mazoezi ya kijeshi, mizinga ikiwemo. Jambo hili lina sura mbili. Mabomu yaliumiza ardhi, lakini geti la jeshi lilizuia mahoteli yaliyokuwa yakimeza pwani ya Mallorca. Katika miaka ya 1970 na 1980 wapenzi wa mazingira wa visiwani, wakiongozwa na chama chao cha GOB kilichoanzishwa mwaka 1973, walipiga kelele mpaka mazoezi yakakoma na mwaka 1991 Cabrera na visiwa vidogo vinavyoizunguka vikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa, ya kwanza nchini Hispania kuunganisha nchi kavu na bahari. Ilianza na hekta zipatazo 10,000. Mwaka 2019 ikapanuliwa hadi zaidi ya hekta 90,000, karibu zote bahari, zikiwemo sehemu za kina kirefu ambako nyangumi hupita. 

Sasa wanyama wa nchi kavu. Hapa watoto wako watafurahi kuliko sisi wakubwa. Mkishuka tu gatini mtawaona mijusi, wengi, wasioogopa watu. Ni aina ya Podarcis lilfordi, na kisa chake ni cha kusikitisha. Zamani walijaa Mallorca na Menorca. Binadamu walipoleta wanyama wawindaji, nyoka na paka na vicheche, mijusi hawa ambao hawakuwahi kujifunza kukimbia wakaisha kabisa kwenye visiwa vikubwa. Waliobaki ni wale wa visiwa vidogo ambako wawindaji hawakufika, na sehemu kubwa ya waliobaki duniani iko Cabrera na visiwa vyake. Kila kisiwa kimewalea kivyake kwa muda mrefu mpaka wametofautiana rangi: wengine kijani, wengine kahawia, na kwenye vijisiwa vingine ni weusi wenye tumbo la buluu.

Mjusi atapanda juu ya kiatu cha mwanao kutafuta makombo. Msimlishe. Chipsi na biskuti haviwafai, na mjusi aliyezoea kulishwa hupigana na wenzake mahali pamoja badala ya kutafuta wadudu. Na kabla ya kupanda boti asubuhi, fungueni mifuko na vikapu vyenu, mkung'ute. Ibiza walipata nyoka kwa njia nyepesi tu: walijificha kwenye mizeituni ya mapambo iliyoletwa kutoka bara, wakazaliana, na sasa mijusi wa kule wako hatarini. Panya mmoja, au mbegu iliyonasa kwenye soksi, ni mgeni ambaye Cabrera haimhitaji.

Kisha inueni macho. Agosti ni mwezi mzuri kwa jambo moja ambalo wengi hawalijui. Kwenye miamba ya visiwa hivi huzaliana kozi wa Eleonora, ndege mwembamba mwenye mabawa marefu, aliyepewa jina la Eleonora wa Arborea, mtawala wa Sardinia wa karne ya 14 anayekumbukwa kwa sheria zilizowalinda kozi. Ndege wengi wa Ulaya huzaa majira ya kuchipua. Huyu husubiri mpaka mwisho wa kiangazi, kwa sababu analea vifaranga wakati ndege wadogo wanaohama kutoka Ulaya wanapoivuka bahari, wamechoka, naye anawadaka hewani. Vifaranga wakishakua, yeye mwenyewe anaanza safari: anavuka Sahara na misitu ya katikati ya Afrika mpaka Madagaska, ambako anakaa hadi majira yageuke. Baadhi yao huonekana wakipita Kenya na Tanzania. Kwa hiyo mama akimwona juu ya ngome, ajue anamtazama msafiri ambaye miezi michache baadaye anaweza kuwa juu ya anga ya kwao.

Umeuliza kuhusu nguo. Usiwe na wasiwasi. Masharti ya hifadhi yanahusu nanga, uvuvi, njia, moto na taka; urefu wa nguo yako ya kuogelea haumo. Nguo ya kujistiri tena itakukinga na mambo mawili ambayo wenzako watalalamika nayo jioni, jua na yavuyavu. Ningewashauri hata watoto wavae fulana za kuogelea za mikono mirefu, maana kitambaa kinakinga ngozi bila kuacha mafuta majini.

Yavuyavu wa Mediterania anayeuma sana ni mdogo, wa rangi ya zambarau. Siku nyingine hayupo kabisa, siku nyingine upepo unamsukuma mpaka ndani ya ghuba. Muulizeni nahodha kabla ya kuruka. Akimuuma mtoto, osheni kwa maji ya bahari, si ya bomba, msisugue kwa taulo, kisha wekeni barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Siki msitumie kwa huyu. Mkiona anashindwa kupumua vizuri au anavimba mwili, mwambieni nahodha hapo hapo.

Fukwe mbili zilizo karibu na gati, Sa Platgeta na S'Espalmador, zinafaa kwa watoto kwa sababu zimo ndani ya ghuba na wimbi haliingii. Pana mawe na wale wadudu wa miiba mieusi mnaowajua, hivyo vaeni viatu vya maji. Na boti nyingi wakati wa kurudi husimama kwenye pango la buluu, Sa Cova Blava. Jua la alasiri huingia kupitia mdomo wa pango, likagonga mchanga wa chini na kurudi juu, na maji yote yanawaka buluu. Hapo kina ni kirefu na watu huruka kutoka kwenye boti, kwa hiyo mtoto asiyeogelea kwa uhakika avae jaketi la kuokolea, hata kama anaona aibu mbele ya wenzake. Maji ya Mediterania yana chumvi zaidi kidogo ya yale ya kwetu na yanabeba mtu vizuri, lakini jaketi ni jaketi.

Kuna jambo jingine la kusikitisha ambalo nataka ulijue ili mkilikuta msishangae. Katikati ya nyasi bahari mtaweza kuona makombe makubwa yamesimama wima mchangani, matupu. Ni ya Pinna nobilis, kombe ambalo linaweza kuzidi urefu wa mita moja. Mwaka 2016 kimelea kilianza kuyaua kwenye pwani ya Hispania, na kwa muda mfupi yakafa karibu yote, hata ndani ya hifadhi iliyolindwa vizuri namna hii. Msiyaguse wala kuyachukua. Watafiti bado wanatafuta machache yaliyo hai, na hata ganda tupu ni nyumba ya viumbe wengine. Vilevile, vipimo vilivyofanywa Cabrera mwanzoni mwa miaka ya 2000 vilionyesha kuwa kiangazi maji yakifika nyuzi joto 28 nyasi bahari hufa kwa wingi zaidi. Mlinzi wa hifadhi anaweza kuzuia nanga. Joto la bahari hana boti ya kulikimbilia. Ndiyo maana yale tunayoweza kuyazuia kwa mikono yetu hayana udhuru.

Chakula bebeni chenu. Mgahawa wa bandarini ni mdogo, Agosti hujaa, na kwa familia inayochagua nyama yake ni rahisi zaidi kufunga mikate, mayai, matunda na tende nyumbani. Maji bebeni mengi kuliko mnavyodhani, lita mbili kwa kila mtu si nyingi, kwa sababu kisiwa hakina maduka. Taka zote mrudi nazo Mallorca. Njia za miguu zilizo wazi ni chache na zimewekewa alama. Nyingine zinahitaji kibali au kwenda na mwongozaji, kwa hiyo msikate kona kichakani hata mkiona kaufuko kazuri ka mchanga upande wa pili.

Mwisho, panga siku yenu ya Cabrera mwanzoni mwa likizo, usiisukume mpaka siku ya kuamkia safari ya kurudi. Upepo ukichafua bahari, safari huahirishwa asubuhi ile ile, na ukiwa na siku mbili au tatu mbele yako unabadilisha tarehe tu. Ikishindikana kabisa, Colònia de Sant Jordi pana kituo cha wageni cha hifadhi chenye matangi ya samaki wa Cabrera, na mama ataweza kukizunguka chote bila kupanda jabali. Au endesheni gari mpaka Sant Elm, ncha ya magharibi ya Mallorca, mpande boti ya dakika chache kwenda kisiwa cha Sa Dragonera. Nako ni hifadhi, na mijusi ni wa aina hiyo hiyo. Watu walikivamia mwaka 1977 ili kuzuia kisijengwe majumba, na mwaka 2011 panya wote waliangamizwa ili ndege wapate kuzaa kwa amani. Mlango wa bahari pale ni mwembamba sana, kwa hiyo hata siku ambayo njia ya Cabrera imefungwa, ya Sant Elm mara nyingi huwa inapitika. Tiketi zake pia ziulizieni siku moja kabla.